Sanduku la kikoba la kufuli tatu: maoni ya mtumiaji kutoka Mwika

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Sanduku la kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, tulilitengenezesha kwa fundi wa kuchomelea pale Himo kwa shilingi 65,000, bila kufuli. Kufuli tatu tulinunua wenyewe dukani. Ni la bati nene, si kama yale masanduku ya wanafunzi wa bweni ambayo ukiyakalia yanabonyea. Urefu wake ni kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Limepakwa rangi ya mafuta ya bluu, lina mshikio kila upande, na mbele lina masikio matatu ya kupitishia kufuli. Ndani fundi aliweka kipande cha bati kinachogawa nafasi mara mbili, upande mmoja fedha, upande mwingine vitabu vya wanachama na muhuri. Hicho kipande tulikiomba wenyewe na aliongeza elfu tano juu ya bei. Lipeni hiyo elfu tano. Wino wa muhuri ukimwagika kwenye noti mtanikumbuka.

Mimi nafanya biashara ya ndizi, Mwika, chini ya Mlima Kilimanjaro. Nakusanya mikungu kwa akina mama mashambani na gulioni, napakia kwenye fuso la kwenda Dar, inashushwa Mabibo, lile soko ambalo watu wanaliita Mahakama ya Ndizi. Kikoba chetu kina wanawake ishirini na wanane, na wanaume wawili ambao tuliwapokea baada ya ubishi wa karibu mwezi mzima. Naandika haya kwa sababu kila nikitafuta maoni ya watu kuhusu huduma za fedha nakuta ya benki, ya mitandao ya simu, ya programu za mikopo. Sanduku halina wa kulisemea. Halina tangazo redioni wala msanii wa kulitangaza, ilhali ndilo lililosomesha watoto wa nusu ya kijiji hiki.

Kwa ambaye hajawahi kuliona likifunguliwa, utaratibu ni huu. Washika funguo ni watatu, kila mmoja na ufunguo wa kufuli yake, na hakuna hata mmoja wao aliye kiongozi. Sanduku lenyewe linakaa kwa mtu wa nne. Mwenye sanduku hana ufunguo, na mwenye ufunguo hana sanduku. Mshika ufunguo mmoja akifiwa akaenda msibani Tarakea na ufunguo uko kwenye pindo la kitenge chake, basi siku hiyo hakuna mkutano, hata kama mwenyekiti ana shida ya hela kuliko wote.

Siku ya mkutano tunakaa duara kwenye mabenchi ya kanisani, kila mtu na namba yake, na namba hiyo ndiyo kiti chako mwaka mzima. Sanduku linawekwa katikati. Kabla ya kufuli kuguswa, mwenyekiti anauliza, "Jamani, mkutano uliopita mfuko wa hisa tulifunga na shilingi ngapi?" Hakuna kufungua daftari. Tunajibu kwa kichwa, wote kwa pamoja. Halafu anauliza mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida. Katikati yetu kuna bibi mmoja ambaye hakuwahi kwenda shule, kusoma hajui, na sijawahi kumsikia akikosea tarakimu hata moja. Anaitaja mpaka zile mia mia za mwisho. Baada ya hapo ndipo washika funguo wanainuka, kufuli zinafunguliwa, mifuko miwili ya kitambaa inatolewa, na wahesabu fedha wawili wanamwaga hela kwenye beseni na kuhesabu mbele ya macho yote. Ikilingana na tuliyoitaja, tunaendelea. Isipolingana hakuna anayeondoka.

Kisha hisa. Kwetu hisa moja ni shilingi 5,000, na mtu ananunua kuanzia moja hadi tano, hazidi. Hilo la kutozidi watu hulidharau, kumbe lina akili kubwa: linamzuia mwenye duka kubwa asije akakigeuza kikoba kuwa chake. Kila hisa inagongwa muhuri kwenye kitabu chako. Kisha marejesho, kisha mikopo mipya. Unakopa hadi mara tatu ya hisa zako, na kwa mkopo wa miezi mitatu unaongeza asilimia 10. Msimu uliopita nilikopa laki tisa nikapakia ndizi, nikarudisha laki tisa na tisini. Ile tisini elfu haikupanda lifti kwenda kwa mtu nisiyemjua. Ilibaki kwenye bati lile lile, na tulipovunja mzunguko Desemba, yaani kugawana kilichomo, sehemu yake ikanirudia mkononi pamoja na hisa zangu.

Utaniuliza, na benki zimejaa Moshi mjini, kwa nini mnahangaika na bati?

Nilikwenda. Jina la benki siandiki. Nilivaa vizuri, nikabeba barua ya mtendaji wa kijiji, picha za pasipoti, na daftari langu la biashara la miaka mitatu, kila fuso limeandikwa, mikungu mingapi, dalali alilipa nini. Afisa mikopo alikuwa kijana mstaarabu sana, alinipa kiti, akaniita mama. Aliligeuza geuza lile daftari, akalifunga taratibu, akaniuliza, "Mama, una hati?" Nikamwambia tuna kihamba, migomba na kahawa, tunakaa hapo tangu kwa babu zake mume wangu. "Kina hati?" Hakina. Kihamba hakiuzwi kwa mtu baki hovyo, kinarithiwa, na kwa mila yetu kinarithiwa na watoto wa kiume. "Basi mzee aje aweke sahihi alete dhamana nyingine." Mzee hafanyi biashara ya ndizi. Ndizi ni zangu.

Yule kijana sikumchukia, aliuliza alichofundishwa kuuliza, na swali lenyewe lina umri mkubwa kuliko babu yake. Wakati wa Mwingereza, Tanganyika ilikuwa na sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji: mtu asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali, deni hilo hawezi kulidai mahakamani. Walisema wanatulinda tusije tukafilisiwa na wafanyabiashara. Sasa niambie, nani atakukopesha fedha ambayo sheria imemwambia hataweza kuidai? Mwenye shamba la walowezi kule tambarare alikuwa na hati, akakopa. Mchagga wa kihambani aliishi kwa anachovuna. Hata shilingi yenyewe ilikuwa haina kwao hapa. Tangu mwisho wa 1919 fedha za Afrika Mashariki zilisimamiwa na bodi iliyokaa London, na dhamana ya noti zilizozunguka huku ilikuwa imelala kule, sehemu kubwa kwenye hati za mkopo za serikali ya Uingereza na za makoloni yake. Yaani mkulima wa Mwika akiuza kahawa akaificha noti chini ya godoro, nyuma ya noti hiyo kulikuwa na serikali ya Uingereza iliyokwisha kukopeshwa. Sisi tulikuwa tunakopesha bila kujua. Benki Kuu yetu ilifunguliwa Juni 1966, karibu miaka mitano baada ya bendera.

Watu wa mlimani hawakukaa kimya. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima wa kahawa, Joseph Merinyo akiwa mbele, wakati walowezi wakitaka Waafrika wazuiwe kabisa kulima kahawa ya arabika. Chama hicho ndicho kilichokuja kuzaa KNCU, muungano wa ushirika wa wakulima wa kahawa Kilimanjaro, mwaka 1933. Haya yamesemwa sana kwa majigambo, hasa na wazee wetu, kwa hiyo mimi nitaongeza lile wanaloliruka: mwaka 1937 wakulima hao hao waliandamana dhidi ya KNCU na kushambulia baadhi ya maghala yake, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka na sheria iliwalazimisha kuuza kahawa yote kupitia chama. Chama kilikuwa chao kwa jina, lakini bei ilikuwa inakuja kutoka mbali na maamuzi yalikuwa yameshakwenda mjini. Mnaponisikia nakisifu kitu kidogo kama sanduku, msidhani sijui kwamba hata ushirika ukikua unaweza kukupa mgongo.

Na jambo jingine ambalo wazee wanaliruka kabisa. Hela ya kahawa ilikuwa ya baba. Mama alichuma, alimenya kwa mashine ya mkono, aliosha, alianika, alichagua mbovu kwa vidole. Siku ya malipo baba ndiye aliyekwenda chamani, jina lililokuwa kwenye daftari lilikuwa lake. Malipo ya kwanza, na ukibahatika malipo ya pili miezi mingi baadaye. Ndizi na maziwa ndivyo vilikuwa vya mama. Kwa hiyo fedha kubwa ya mlima huu, ile iliyohusisha mabenki, mnada na meli, ilipita nyumba kwa nyumba kwa miaka na kumruka mtu mmoja katika kila nyumba. Chumvi, kiberiti, na daftari la shule vililipwa na mkungu wa ndizi. Kikoba kimeanzia hapo, kwenye ile hela ndogo ya kiberiti ambayo hakuna benki iliyowahi kuiulizia.

Baada ya Azimio la Arusha nilidhani mambo yalinyooka, maana shuleni ndivyo tulivyofundishwa. Februari 6, 1967 mabenki ya kigeni yalitaifishwa yote, ikazaliwa NBC, Benki ya Taifa ya Biashara. Matawi yaliongezeka mpaka wilayani, hilo ni kweli na si dogo. Kabla ya hapo mtu wa wilaya nyingi alikuwa hajawahi kuona mlango wa benki. Ila mlango ulikuwa wa kuingizia hela. Mikopo mikubwa ilikwenda kwa mashirika ya umma na mamlaka za mazao, na mingi haikurudi. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, KNCU ikiwemo, na ilirudi katikati ya miaka ya 1980 ikiwa si ile. Kisha ikaja sheria ya 1991 ya kuruhusu benki binafsi. NBC ikagawanywa 1997: sehemu moja ikauzwa mwaka 2000 kwa ABSA ya Afrika Kusini, sehemu yenye matawi mengi ya wilayani ikawa NMB, ambayo miaka yake ya mwanzo ilikuwa zaidi ya kupokea akiba kuliko kukopesha. Mwaka 2005 kundi la wawekezaji likiongozwa na benki ya Rabobank ya Uholanzi likachukua asilimia 49 ya NMB. Rabobank, mjue, asili yake ni vyama vya kukopeshana vya wakulima wa vijijini huko kwao. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu jikoni. Wakulima wa Uholanzi walianza na kikoba, kikakua mpaka kikaja kununua hisa za benki yetu.

Sasa vikoba vyenyewe si vya Kichagga wala si vya Kitanzania kwa asili. Mfumo huu wa kuweka akiba na kukopeshana kwa sanduku ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini, chini ya shirika la misaada la CARE. Huku kwetu ulianza kushika Zanzibar, kwa watu wanaouzunguka msitu wa Jozani, na bara ukapewa jina la VICOBA, kifupi cha Kiingereza cha benki za jamii vijijini, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Upatu na michezo tulikuwa nayo tangu zamani, lakini upatu ni kupokezana tu, hauna akiba inayokua. Kilichoongezwa ni bati na kufuli.

Nirudi kwenye bidhaa. Kasoro zake nazijua kuliko wanaozisema kwenye semina.

Bawaba zinashika kutu. Huku kwetu masika ni masika kweli, ukungu unaingia mpaka ndani ya kabati la nguo. Fundi wetu alipaka rangi juu ya bawaba bila kupiga msasa, na mwaka wa pili kifuniko kikaanza kulia kama mbuzi kila tunapokifungua. Kufuli za bei rahisi nazo hazifai. Moja ilikataa kabisa siku ya mgao, watu wamekuja na vikapu vyao vya sikukuu, ikabidi aitwe kijana wa gereji na msumeno wa chuma. Saa nzima watu thelathini tunaangalia msumeno.

Kasoro kubwa zaidi si ya bati. Sanduku linajaa wakati hakuna mwenye shida na linakauka wakati wote tuna shida. Januari ni sare na michango ya shule, kila mtu anataka mkopo, na kilichomo ndicho kilichomo. Benki ina hela ya watu wa Mwanza na Mtwara, ambao Januari yao ina mambo mengine. Sisi sote tuna Januari moja, mvua moja na soko moja. Mwaka ambao ndizi zilipigwa na ukame tuliyumba wote pamoja. Na kuna kiwango ambacho hukivuki. Mimi sasa nataka fuso la mtumba. Sanduku haliwezi kuninunulia fuso hata tukiweka hisa tano kila mkutano mpaka meno yaning'oke.

Halafu usalama. Fedha nyumbani ni fedha nyumbani. Kabla ya mgao, sanduku linapokuwa zito, mwenye kulitunza halali vizuri, na sisi tumekuwa tukilihamisha kimyakimya. Mtaniambia benki ina bima. Ndiyo, ina bima ya amana, na tangu 2023 imepandishwa hadi shilingi milioni 7.5 kwa mteja. Ila kumbukeni Januari 2018, Benki Kuu ilipozifunga benki tano kwa mpigo kwa sababu ya mtaji kuwa pungufu. Ukiangalia orodha: Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru, Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera, Covenant ya wanawake na Efatha. Tatu za kwanza zilikuwa zile hasa zilizoanzishwa ili watu wa mahali wawe na benki yao. Wakati ule bima ilikuwa inaishia milioni moja na nusu. Ya kwetu, Benki ya Ushirika Kilimanjaro, iliponea kwenye tundu la sindano, ikapewa muda wa kutafuta mtaji, na baadaye benki ya CRDB ikaingia kuiongezea. Benki Kuu ilifanya kazi yake, benki isiyo na mtaji ni hatari kwa walioweka hela humo. Mimi naangalia tu ni zipi zinakosa mtaji. Mtaji unaotakiwa unahesabiwa kwa mabilioni, na sisi tunahesabu kwa beseni.

Programu za mikopo za simu nimeshuhudia kwa wadogo zangu. Unaomba laki, unaingiziwa pungufu kwa kuwa ada imekatwa juu kwa juu, na siku chache baadaye wanataka laki yote na ushei. Ukichelewa wanawatumia ujumbe watu wote walio kwenye simu yako, bosi wako, mkwe wako, mchungaji, kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Mtaani haya yote, ya simu na ya mkononi, tunayaita kausha damu, na jina limetosha.

Lakini niseme ukweli, na kikoba nacho kinatumia aibu. Hatuna mahakama, hatuna dalali wa mnada, tuna aibu tu. Mwanachama asiporejesha, wale wanne wa kundi lake la watu watano, waliomdhamini, wanamwendea nyumbani. Nimesikia vikundi vilivyong'oa mabati ya mtu. Kwetu tumewahi kwenda kuchukua kabati la vyombo la mwenzetu, tukalibeba mchana kweupe, majirani wakisimama milangoni, na yeye mwenyewe akitushikia mlango ili lisikwaruzike. Mimi nilikuwa upande wa kushoto wa lile kabati. Tofauti na ile programu ni kwamba mumewe alipolazwa hospitali ya KCMC, ni sisi tuliopeleka chakula na ni mfuko wa jamii uliolipa sehemu ya matibabu. Kabati alilirudishiwa alipomaliza deni. Kama hiyo tofauti inatosha, yeye ndiye wa kuulizwa, na mimi sijawahi kumuuliza.

Akaunti za vikundi za kwenye simu na za benki zipo siku hizi, na sizipingi. Faida yake ni kwamba hela hailali chini ya kitanda cha mtu, na ujumbe unaingia kwa wote fedha ikiguswa. Vijana wanazipenda. Kinachonikera ni kuwa mkutano unakufa. Watu wanatuma hisa wakiwa barabarani, hakuna anayejibu kwa kichwa tulifunga na ngapi, na yule bibi yetu asiyejua kusoma anabaki kuambiwa salio na mjukuu. Kwenye beseni alikuwa mkaguzi wa hesabu, kwenye simu amekuwa mteja. Sisi tumechanganya: mfuko ukizidi kiasi tulichokubaliana, ziada inapelekwa benki kwa sahihi tatu, na sanduku linabaki na ya kukopeshana. Afisa wa benki alipotupokea alitukarimu mno, soda na karatasi za kupamba. Tulipouliza kama akiba hiyo inaweza kutudhamini tukope cha kununua fuso la pamoja, tukaulizwa tena. Hati.

Kuhusu kusajili: tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama vyetu viko daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Sajilini. Bila cheti hamwezi hata kuomba ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ambayo wanawake wametengewa nne, vijana nne, na watu wenye ulemavu mbili. Mkishasajiliwa, mtaanza kutembelewa na wageni wengi wenye fulana. Wengine wana maana, wengine wanataka kuwauzia bima.

Aprili 2025 kule Dodoma ilizinduliwa Benki ya Ushirika ya taifa, na ile ya kwetu ya Kilimanjaro ndiyo iliyokuwa shina lake. Nimekwisha kusema nitakwenda. Nitavaa vile vile, nitabeba daftari lile lile, sasa limekuwa nene zaidi, na nitasikia wanauliza nini kwanza. Nikirudi nitaandika maoni yangu hapa hapa.

Kwa sasa, sanduku nalipa nyota nne. Nyota ya tano imeondolewa na Januari na lile suala la fuso.

Kwa anayekwenda kwa fundi: mwambie bawaba ziwe za ndani, apige msasa kabla ya rangi, na pembe azichomelee kote, asiweke nukta nukta. Kufuli nunueni nzuri za aina tatu tofauti, msije mkajikuta ufunguo mmoja unafungua mbili, nimeliona hilo kwa majirani. Wekeni mafuta ya cherehani kidogo kila baada ya miezi michache. Funguo za akiba zisikae kijijini. Zetu ziko kwa padri, kwenye bahasha iliyopigwa lakiri. Na msiandike jina la kikundi juu ya kifuniko hata fundi akiwabembeleza kuwa maandishi ni bure. Letu halina neno lolote, na mgeni akiliona chini ya meza anadhani ni la misumari.